Kutoa Upepo katika Injini ya Dizeli: Hatua na Sababu Zake

Katika mazungumzo yetu ya vyuoni tumezoea kulalamika juu ya mwanafunzi ajuaye kueleza jambo lakini asijue kulitenda. Lalamiko hilo ni la haki, tena ni la zamani. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mojawapo ya mambo aliyoyakosoa ni elimu iliyomtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni. Lakini uko upande wa pili wa jambo hili ambao hauzungumzwi sana. Yupo mwanafunzi ajuaye kutenda kwa hatua alizozikariri, asijue kwa nini kila hatua iko mahali ilipo. Huyu ni rahisi kutupotosha sisi walimu, kwa sababu mikono yake inakwenda vizuri, nasi tuonapo mikono inakwenda vizuri twaweka alama ya vema na kuendelea na mada nyingine. Hali ya kazi inapobadilika kidogo tu, mikono ile hukwama.

Nimefundisha fizikia katika vyuo vya ualimu kwa miaka mingi, na mfano ulionifunza zaidi kuhusu jambo hili haukutoka maabara. Ulitoka katika injini ya lori la chuo. Katika makala haya nakusudia kueleza kazi moja tu, yaani kuiwasha tena injini ya dizeli baada ya hewa kuingia katika njia ya mafuta, kazi ambayo mafundi na madereva wetu huiita kutoa upepo. Nitaieleza kwa kirefu kiasi, maana hoja yangu kuhusu ufundishaji haiwezi kueleweka kazi yenyewe isipoeleweka kwanza.

NJIA YA MAFUTA

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepewa hataza ya wazo lake mwaka 1893 na kuonyesha injini iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897, alijenga juu ya kanuni iliyojulikana: hewa ikigandamizwa kwa nguvu na upesi hupata joto. Ndani ya silinda hewa hugandamizwa mpaka ujazo wake unakuwa kama sehemu moja ya 16 hadi 20 ya ujazo wa awali, na joto lake hupita nyuzi 500 za sentigredi. Mafuta yakipulizwa humo kama ukungu, huwaka yenyewe. Katika injini za kwanza mafuta yalipulizwa kwa msaada wa hewa iliyogandamizwa. Pampu zinazosukuma mafuta peke yake zilianza kutengenezwa kwa wingi na kampuni ya Robert Bosch mwaka 1927, na ndizo zilizoiwezesha injini ya dizeli kuingia katika malori ya kawaida.

Katika lori la aina ya zamani, mafuta hutoka tangini kwa bomba la kuvutia mpaka kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini. Pampu hii husukuma kwa kanieneo ndogo, isiyozidi sana ile ya hewa inayotuzunguka. Kutoka hapo mafuta hupita katika chujio, kisha huingia pampu kubwa ambayo huyagawa kwa kila silinda. Pampu kubwa huyasukuma katika mabomba membamba ya chuma mpaka kwenye nozeli, nazo nozeli hazifunguki mpaka kanieneo ifike takriban mara 200 ya ile ya hewa. Kila msukumo hupeleka mafuta machache mno.

Hapo ndipo hewa inapoleta matatizo. Mafuta, kama vimiminiko vingine, karibu hayagandamiziki kabisa. Yakisukumwa upande mmoja wa bomba lililojaa, upande wa pili lazima yatoke. Hewa haiko hivyo. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba ukiiongezea hewa kanieneo, ujazo wake hupungua. Basi povu dogo likikaa ndani ya bomba, pistoni ya pampu husukuma, na povu hunywea. Pistoni hurudi, na povu hutanuka. Kazi yote ya pampu huishia katika kulibana na kuliachia lile povu, na nozeli haipati kanieneo ya kuifungua. Stata itazunguka, betri itachoka, moshi hautatoka, hata kama tangi limejaa pomoni.

Hewa huingia kwa sababu chache zinazojulikana: mafuta yamekwisha au yamepungua mpaka bomba la kuvutia likavuta hewa, chujio limebadilishwa, au kiungo kimoja kati ya tangi na pampu ndogo kimelegea. Sababu hii ya tatu ni ngumu kuigundua kuliko nyingine, kwa kuwa upande huo wa njia ya mafuta huvuta. Kiungo kilicholegea upande wa kusukumwa hudondosha mafuta, na kila mtu huyaona. Kiungo kilicholegea upande wa kuvutwa kinaweza kukaa kikavu kabisa huku kikiingiza hewa kimyakimya.

SAFARI YA MWAKA 1982

Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Baada ya hayo, na baada ya gharama za Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, dizeli ilikuwa adimu nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Magari mengi yalisafiri na mafuta kidogo tangini, na hivyo kazi ya kutoa upepo ilikuwa kazi ya mara kwa mara barabarani.

Mwaka 1982 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha nyanda za juu kusini, nami niliwasindikiza wanachuo 31 waliokuwa wakipelekwa katika shule mbalimbali kwa mazoezi ya kufundisha. Dereva wetu wa siku zote alikuwa amelazwa hospitalini, na lori liliendeshwa na dereva wa muda aliyeazimwa kutoka ofisi nyingine. Tulikuwa katika barabara ya Makambako kwenda Njombe, wakati wa baridi, na mwanachuo mmoja alikuwa na homa ya malaria tangu asubuhi. Tulikuwa tumekata shauri apelekwe hospitali mara tu tutakapofika.

Tulipanda mlima mrefu, tukafika juu salama. Baada ya kwenda kama kilometa moja kwenye tambarare, injini ilikohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Ilikuwa saa 12 jioni. Kijiti kilichotumbukizwa tangini kilionyesha mafuta ya kimo cha vidole viwili. Tulipokuwa mlimani, mafuta hayo yalikuwa yamesogea upande mmoja wa tangi na kuuacha wazi mdomo wa bomba la kuvutia. Mafuta yaliyobaki katika chujio yalitosha kutufikisha tambarare. Kwa hiyo injini ilizimika mbali na mahali ilipopatia ugonjwa wake.

Dereva aliongeza dizeli ya debe moja tuliyokuwa nayo, akapiga stata. Injini ilizunguka bila kuwaka. Akapiga tena na tena, mpaka sauti ya stata ikaanza kuwa nzito. Ndipo akasema kwamba gari limeingia upepo, akaomba taa na spana.

Ni haki kusema kwamba dereva huyu alikuwa mtu makini, na hatua za kazi hii alizijua kwa mpangilio wake: legeza skurubu ya juu ya chujio, pampu kwa mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kaza, nenda pampu kubwa, fanya vilevile, kisha legeza nati za nozeli, piga stata, kaza. Lakini gari alilolizoea lilikuwa na kibonyezo cha kupampia juu ya chujio, nacho hubonyezwa kwa kiganja. Letu halikuwa nacho. Lilikuwa na kikono kidogo chini ya pampu ndogo, ambacho utingo ndiye aliyemwonyesha. Dereva alikishika, akakipandisha na kukishusha. Kilikuwa chepesi kama kitu kilichokatika, na katika skurubu ya chujio hakikutoka chochote.

"Pampu imekufa," akasema, akaweka spana chini.

Giza lilikuwa limeingia. Wanachuo walikaa juu ya lori wakiwa wamejifunika mablanketi waliyokuwa wameyafunga kwa ajili ya safari, na mgonjwa wetu alihamishiwa mbele, akafunikwa makoti mawili. Wote walikuwa wamefaulu mtihani wa mwaka wa kwanza uliouliza tofauti ya kimiminiko na gesi zinapogandamizwa. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyelihusisha swali lile na chuma kilichokuwa mbele yake. Sikushangaa, maana swali lile halikuwa limewahi kuonekana na yeyote kati yao nje ya karatasi.

Aliyelifungua fundo ni mwanachuo mmoja wa kike aliyeshuka kushika taa. Alitazama kile kikono kwa muda, akaniuliza: "Mwalimu, injini ikiwa inakwenda, pampu hii inasukumwa na nini?" Nikamwomba amwulize mwenye kazi.

"Inasukumwa na shafti iliyo ndani, dada," dereva akajibu. "Ina nundu. Nundu ikipita, inaisukuma."

"Sasa, kaka, ikiwa injini imesimama na nundu ndiyo imeisukuma tayari, huu mkono wako utasukuma nini tena?"

Dereva alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa sauti. "Basi injini igeuzwe kidogo!" akasema.

Betri haikustahili kupotezwa kwa jambo hilo. Dereva alivuta kizimio cha injini, akaweka gia ya juu kabisa, na wanachuo wote wenye afya wakashuka kusukuma. Lori lilisogea kama nusu mita, na hiyo ilitosha kuigeuza injini. Dereva alipokishika tena kikono, kilikuwa kizito. Katika skurubu ya chujio ilianza kutoka hewa, kisha povu jeupe kama la sabuni, kisha mapovu makubwa ya moja moja, na mwisho dizeli safi isiyokatika. Skurubu ikakazwa wakati mafuta yangali yakitoka. Kazi ileile ikafanywa kwenye pampu kubwa, kisha nati za nozeli zikalegezwa kwa nusu mzunguko. Stata ilipigwa kwa sekunde 10 tu, mafuta yakachuruzika katika kila nati, nati zikakazwa. Stata ilipopigwa mara ya pili, injini iliwaka kwa silinda chache, ikatetemeka na kutoa moshi mweupe, kisha ikatulia. Ilikaribia saa 3 usiku. Mgonjwa alifika hospitali usiku uleule, akatibiwa, na baada ya wiki moja alianza mazoezi yake ya kufundisha.

Safari hiyo ilinipa picha ya wazi ya jambo ambalo nilikuwa nikilihisi tu. Dereva alikuwa na hatua, nazo zilikuwa sahihi. Wanachuo walikuwa na kanuni, nazo zilikuwa sahihi vilevile. Hatua za dereva zilikwama mahali ambapo gari hili lilitofautiana na lile, na kanuni za wanachuo hazikuwahi kushuka kutoka juu ya lori. Kilichoyakutanisha mambo haya mawili ni swali moja: kitu hiki husukumwa na nini?

SOMO LILIVYOPANGWA

Muhula uliofuata, dereva wetu wa siku zote akiwa amepona, mimi naye tulipanga somo la vipindi vinne. Nalieleza hapa jinsi lilivyotulia baada ya kufundishwa mara kadhaa.

Kipindi cha kwanza hufanyika darasani. Kila kundi hupewa mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba unaopenya mwanga. Yakijazwa maji, ukisukuma bomba hili, lile hujibu papo hapo. Kisha huingizwa hewa kidogo, povu la ukubwa wa harage, na bomba la pili huzuiwa kwa kidole. Mwanachuo husukuma na kuona povu likinywea huku bomba la pili likiwa halijasogea. Hapo huandika kwa maneno yake mwenyewe alichokiona na alichokisikia kidoleni. Jina la Boyle hutajwa baadaye, wakati jambo lenyewe limekwisha kuwa mali yao.

Kipindi cha pili hufanyika kwenye lori, injini ikiwa baridi. Hakuna spana. Wanachuo huifuata njia ya mafuta kwa vidole kutoka tangini hadi nozeli, wakiweka alama ya chaki kwenye kila kiungo. Katika kila alama hujibu maswali matatu: Hapa panatakiwa kuwa na nini? Nitajuaje kwamba kipo? Na kama hakipo, ni wapi kilionekana mara ya mwisho? Haya maswali matatu ndiyo kiini cha somo zima. Mtu anayeyauliza anaweza kuikuta injini asiyoijua, akaisoma.

Kipindi cha tatu ndicho cha kazi yenyewe, katika makundi ya watu sita. Sheria ni moja: hakuna agusaye spana kabla ya kusema sababu ya anachotaka kukifanya. Kwa nini tunaanzia kwenye chujio na si kwenye nozeli? Kwa kuwa hewa iliyo nyuma husukumwa mbele. Ukisafisha mbele kwanza, hewa ya nyuma itakuja kuichafua kazi yako. Kwa nini skurubu hukazwa mafuta yangali yakitoka? Kwa kuwa ukisubiri yakome, hewa itarudi kwa tundu lilelile. Kwa nini stata isipigwe zaidi ya sekunde 15 hivi kwa mara moja, kisha ikapumzishwa dakika moja au mbili? Kwa kuwa stata hupata joto upesi, na nguvu iliyo katika betri huwa ndiyo yote uliyo nayo barabarani.

Usalama nao hufundishwa kwa sababu zake. Magurudumu huwekewa vigingi na gia huwa huru kabla ya stata kupigwa, ili lori lisimkanyage aliyeinama. Hakuna sigara wala moto, na matambara ya kupangusia huwekwa karibu, maana dizeli ikimwagikia chuma cha moto yaweza kushika moto. Mkono hauwekwi kamwe mbele ya nozeli inayopuliza: mafuta yenye kanieneo ile hupenya ngozi bila kuacha tundu la kuonekana, na jeraha hilo huhitaji daktari mara moja hata kama haliumi sana.

Dereva wetu alikuwa mwalimu mwenzangu katika vipindi hivi. Mwanzoni alifundisha kama alivyofundishwa yeye, yaani kwa kutenda upesi na kusema, "Tazameni." Nikawaomba wanachuo wamhoji kama wanavyomhoji mzee katika utafiti wa historia. Mmoja alimwuliza, "Mzee, kikono unakipampu mara ngapi?" Akajibu, "Mimi sihesabu. Nasikiliza. Penye hewa panatoa sauti ya kukwaruza. Yakija mafuta, panakuwa kimya na mkono unakuwa mzito." Jibu hilo lilikuwa na fizikia ndani yake, na lisingepatikana bila ya kuulizwa. Twapaswa kukumbuka kwamba mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi aghalabu haoni tena sababu zilizomo katika mikono yake; ni kazi ya mwalimu kumsaidia azitoe.

HITILAFU YA KUPANGWA

Kipindi cha nne ni cha upimaji. Hapa nilipata faida zaidi kuliko katika mtihani wowote wa kuandika. Kabla ya wanachuo kufika, dereva hulegeza kwa robo mzunguko nati moja ya bomba la kuvutia, juu ya usawa wa mafuta ya tangini. Haidondoshi kitu. Wanachuo huambiwa tu kwamba lori halina nguvu na linazimika.

Kundi la kwanza lililopewa jaribio hili lilitoa upepo kwa utaratibu usio na kasoro. Injini ikawaka, wakashangilia, na baada ya dakika chache ikazima. Wakarudia kazi yote, nayo injini ikawaka na kuzima tena. Walipotaka kuanza mara ya tatu, mmoja wao alisema, "Hewa tuliyoitoa mara mbili ilikuwa inatoka wapi?" Basi wakaunga kipande cha mpira unaopenya mwanga mbele kidogo ya pampu ndogo, wakaona mapovu yakija kutoka upande wa tangi. Wakajua kwamba kasoro iko nyuma ya hapo, wakakagua kiungo kimoja baada ya kingine mpaka wakaipata ile nati.

Jambo hili lilitupatia mfano ambao tuliutumia baadaye hata katika mbinu za kufundishia hisabati. Mtoto wa darasa la tatu anaandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Mwalimu anamsahihisha: ni 25. Kesho mtoto anaandika kwamba 61 kutoa 38 ni 37. Mwalimu anamsahihisha tena. Kila siku mwalimu huyu anatoa upepo, wala haulizi unaingilia wapi. Akiuliza, ataona kwamba mtoto hutoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu, kwa sababu makumi na mamoja hayajawa kitu kimoja akilini mwake. Kasoro iko nyuma ya mahali jibu linapoonekana, kama vile injini yetu ilivyozimika tambarare kwa ugonjwa ilioupata mlimani.

Jaribio la mwisho lilikuwa katika mashine ya kusaga ya kijiji jirani. Injini yake ilikuwa ya silinda moja, na tangi lake lilikuwa juu ya injini, kwa hiyo mafuta yalishuka yenyewe bila pampu ndogo. Hakukuwa na kikono cha kupampia wala kibonyezo. Mwanachuo aliyekariri hatua alikitafuta kikono kwa muda mrefu. Aliyejiuliza maswali matatu alifungua bomba la tangi, akalegeza skurubu iliyo karibu na pampu ya nozeli, akayaacha mafuta yajishukie mpaka mapovu yakaisha. Wanakijiji waliokuwa wakingoja na mahindi yao hawakuwa na haja ya kuambiwa nani kafaulu. Mashine ya kijiji ikikwama, mama huyarudisha mahindi kichwani jinsi alivyoyaleta, au hutwanga usiku.

Wako wakufunzi wenzangu waliouliza kama hii si kazi ya fundi. Niliwajibu, na naendelea kuamini, kwamba mwalimu wa shule ya msingi si lazima awe fundi, lakini ni yeye atakayemfundisha fundi, dereva na msaga nafaka wakiwa bado watoto. Akiwa hajawahi kuona kanuni ya kitabuni ikikaa ndani ya chuma, atawapa watoto wake kanuni tupu. Akiwa hajawahi kuona hatua sahihi zikikwama kwa kukosa sababu, atawapa hatua tupu na kuzihesabu kuwa ujuzi.

MAGARI YA LEO

Msomaji aweza kusema kwamba malori niliyoyaeleza yanapungua. Ni kweli, na jambo hilo linaitia nguvu hoja yangu. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 yameenea magari ambayo pampu hujaza mafuta katika bomba moja kuu la pamoja, nazo nozeli hufunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta. Kanieneo ndani ya bomba hilo hufika mara 1600 ya ile ya hewa, na katika magari mengi huzidi hapo. Katika injini ya namna hii, kulegeza nati za mabomba ya nozeli huku injini ikizungushwa ni hatari kwa uhai wa mtu, na watengenezaji hukataza. Upepo hutolewa upande wa kanieneo ndogo tu, kwa pampu ya mkono iliyo kwenye chujio au kwa pampu ya umeme inayojaza njia ya mafuta swichi inapofunguliwa, na kitabu cha gari husika hufuatwa.

Mtu aliyerithishwa hatua za lori la zamani bila ya sababu zake atafika kwenye gari jipya na spana mkononi, akaitafute nati ya kulegeza. Aliyefundishwa kuuliza hapa pana nini, na kwa kanieneo gani, atasimama kwanza. Kanuni ya Boyle haikubadilika. Mafuta bado hayagandamiziki na hewa bado hugandamizika. Kilichobadilika ni mahali pa kutoa upepo na hatari iliyopo.

MAPENDEKEZO

Kwa wakufunzi na walimu watakaopenda kujaribu somo hili, au jingine linalofanana nalo, napendekeza yafuatayo:

1. Chagua kazi moja halisi iliyopo katika mazingira ya chuo au shule, kama pampu ya maji, jiko, cherehani au baiskeli, na uifundishe kwa kina badala ya kugusagusa kazi nyingi.

2. Mshirikishe mwenye ujuzi wa kazi hiyo kama mwalimu kamili, na katika andalio la somo tenga muda wa wanafunzi kumhoji kuhusu sababu za anayoyafanya.

3. Katika andalio hilo, mbele ya kila hatua, andika sababu yake. Hatua usiyoweza kuiandikia sababu, itafute kwanza kabla ya kuifundisha.

4. Pima kwa kifaa ambacho mwanafunzi hajakizoea, au kwa hitilafu iliyopangwa, wala usipime kwa kifaa kilekile alichojifunzia.

5. Mwanafunzi anaporudia kosa lilelile baada ya kusahihishwa, acha kusahihisha jibu kwa muda, ufuate njia yake ya kufikiri tangu mwanzo mpaka uone ni kiungo gani kimelegea.

Ni matumaini yangu kwamba wenzangu watakaoyajaribu haya wataandika katika kurasa hizi waliyoyaona, hasa pale ambapo mpango niliouleza hapa haukufaa na ikabidi waurekebishe kwa mazingira yao.